Luigi Galvani: Mwalimu wa Wakunga Aliyegundua Umeme wa Mwili



Ukigusa sufuria ya moto, mkono unaruka kabla hujapata muda wa kufikiri. Ukimgusa mtoto mchanga shavuni kwa kidole, anageuza uso kutafuta titi. Katika mambo yote mawili kuna taarifa iliyosafiri mwilini: kutoka kwenye ngozi hadi kwenye uti wa mgongo na ubongo, kisha ikarudi hadi kwenye misuli. Taarifa hiyo husafiri kwa umeme. Huu ni umeme wa kweli, ingawa ni mdogo sana, na unatengenezwa na seli za ubongo na za mishipa ya fahamu.

Aliyeanza kuonyesha jambo hili kwa majaribio ni daktari wa Italia aliyeitwa Luigi Galvani. Alikuwa pia mwalimu wa wakunga. Ninakusimulia maisha yake kwa sababu moja. Ukielewa alichogundua, utaelewa kinachotokea kichwani mwa mtoto anayeshikwa na degedege, na utajua la kufanya katika dakika zile ambazo nyumba nzima imechanganyikiwa.

Mtoto wa sonara

Galvani alizaliwa tarehe 9 Septemba 1737 mjini Bologna, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Domenico, alikuwa sonara, na mama yake aliitwa Barbara. Alipokuwa kijana alitamani kuingia katika utawa, lakini familia ikamshauri asome. Bologna ina chuo kikuu ambacho ni miongoni mwa vya kale zaidi Ulaya, na hapo ndipo aliposomea udaktari na falsafa. Alihitimu mwaka 1759.

Alimwoa Lucia Galeazzi, binti wa profesa wa elimu ya maungo ya mwili. Lucia alikuwa mwanamke msomi. Alikaa na mumewe kwenye chumba cha majaribio, akashiriki kazi hiyo, na akamsaidia kusahihisha maandishi yake. Hawakujaliwa kupata watoto, lakini nyumba yao ilikuwa na pilikapilika za wanafunzi na ndugu. Mpwa wake, Giovanni Aldini, alikuwa mmoja wa wasaidizi.

Mchana Galvani alikuwa daktari, mpasuaji na mwalimu. Alifundisha umbo la mwili na upasuaji, na akafanya utafiti kuhusu mifupa, na kuhusu figo na masikio ya ndege. Mwaka 1782 alipewa kazi ya kufundisha ukunga katika Taasisi ya Sayansi ya Bologna. Mtangulizi wake, Giovanni Antonio Galli, alikuwa ameacha mkusanyiko wa sanamu za udongo zilizoonyesha mji wa mimba na mtoto akiwa amelala kwa namna mbalimbali: aliyetanguliza kichwa, aliyetanguliza makalio, aliyekaa kimshazari. Sanamu hizo zilimwezesha mkunga kujifunza kwa macho na kwa mikono kabla ya kumgusa mama mwenye uchungu. Ni njia ambayo sisi wauguzi tunaitumia mpaka leo tunapojifunza kuzalisha kwa kutumia wanasesere.

Miguu ya chura

Wakati huo hapakuwa na balbu wala betri. Umeme uliojulikana ulikuwa ule unaotokana na kusugua vitu, kama ule unaosikia ukilia chap chap unapovua nguo ya nailoni usiku. Palikuwa na mashine za kuzungusha kwa mkono zilizotoa cheche, na palikuwa na chupa maalumu za kuhifadhi umeme huo. Chupa hizo zilikuwa na chaji ya aina moja kwa ndani na ya aina nyingine kwa nje.

Kuhusu mishipa ya fahamu, madaktari wengi waliamini mafundisho ya kale. Tangu enzi za Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, ilisemekana kwamba mishipa hiyo ni kama mirija inayopitisha roho nyembamba zisizoonekana kutoka kwenye ubongo, na kwamba roho hizo ndizo zinazoukunja mkono au kuinua mguu. Hakuna aliyekuwa amewahi kuzipima.

Kuanzia mwaka 1780 Galvani alianza kuchunguza jambo hili kwa miguu ya nyuma ya chura aliyekufa. Aliichuna, akaacha mishipa mikubwa ya fahamu ikiwa wazi. Siku moja miguu hiyo ilikuwa mezani, mbali kidogo na mashine ya umeme. Msaidizi mmoja aliugusa mshipa kwa ncha ya kisu, na wakati huohuo mashine ikatoa cheche. Miguu ikarusha teke kwa nguvu, ingawa hapakuwa na waya wowote uliounganisha mashine na chura.

Mtu mwingine angeshangaa kidogo kisha akaendelea na kazi. Galvani hakuliacha jambo hilo. Alirudia jaribio mara nyingi, akibadilisha kitu kimoja kimoja. Alijaribu pia wakati wa radi, akiwa ameunganisha miguu ya chura na waya mrefu ulioelekezwa juu, na kila umeme ulipomulika mawinguni, miguu ilicheza.

Kisha mwaka 1786 aliona jambo lililomshangaza zaidi. Alitundika miguu ya vyura kwa kulabu za shaba nyeupe kwenye uzio wa chuma wa nyumba yake, siku ambayo anga lilikuwa shwari. Hapakuwa na radi wala mashine. Kulabu ilipobanwa kwenye chuma, miguu ilikunjamana. Akaingia ndani na kurudia kazi hiyo mezani kwa vipande vya metali, na matokeo yakawa yaleyale.

Galvani akafikia hitimisho: umeme haukuwa umetoka nje. Ulikuwa ndani ya mwili wa mnyama, ukisubiri njia ya kupita. Alidhani msuli unafanana na ile chupa ya kuhifadhi umeme, yaani una chaji tofauti ndani na nje, na kwamba mshipa wa fahamu ndio waya wake. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1791 kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa wakati huo. Lucia, aliyekuwa naye kwenye kazi hiyo, alikuwa ameshafariki dunia kabla hayajachapishwa.

Mabishano na Volta

Habari zilienea Ulaya yote, na madaktari wengi wakaanza kutafuta vyura. Mmoja wa waliosoma alikuwa Alessandro Volta, profesa wa fizikia wa Pavia. Mwanzoni alikubali, kisha akapinga. Alisema kwamba umeme ule hautoki kwa chura, bali unatokana na metali mbili tofauti zinazogusana kwenye majimaji, na kwamba chura ni kipimo tu cha kuonyesha kwamba umeme upo.

Galvani alikuwa mtu mpole asiyependa malumbano, lakini alijibu kwa majaribio. Mwaka 1794 ilionyeshwa kwamba msuli wa chura hukunjamana hata pasipo metali yoyote, mshipa wake ukiguswa na msuli wenyewe. Mwaka 1797 akaonyesha tena kwa kugusanisha mishipa ya miguu miwili, bila chuma, bila shaba.

Leo tunajua kwamba kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli. Metali mbili tofauti kwenye majimaji huzalisha umeme, na kwa kufuata wazo hilo Volta alitengeneza betri ya kwanza, akaitangaza mwaka 1800. Betri ya tochi uliyonayo nyumbani imetokana na kazi hiyo. Lakini mwili nao unazalisha umeme wake, na hapo Galvani alikuwa sahihi.

Kiapo alichokikataa

Miaka yake ya mwisho ilikuwa migumu. Majeshi ya Ufaransa yakiongozwa na Napoleon yaliingia kaskazini mwa Italia mwaka 1796, na mwaka uliofuata jamhuri mpya ikaundwa. Watumishi wote wa umma walitakiwa kula kiapo cha utii. Galvani, mtu wa dini, aliona kiapo hicho kinapingana na imani yake. Mwaka 1798 alikataa kuapa, akapoteza kazi chuoni na kwenye taasisi, pamoja na mshahara. Alihamia kwa kaka yake, mjane asiye na kipato.

Baadaye iliamuliwa arudishwe kazini bila kuapa, kwa heshima ya mchango wake. Uamuzi huo ulichelewa. Alifariki tarehe 4 Desemba 1798, akiwa na umri wa miaka 61, katika mji uleule alikozaliwa, akazikwa pamoja na Lucia wake. Hakuiona betri ya Volta, wala hakujua ni kitu gani hasa kinachozalisha umeme wa mwili. Jibu hilo lilichukua zaidi ya miaka 150 mingine.

Umeme huo unatoka wapi?

Unatoka kwenye chumvi. Mwaka 1952 Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, walieleza kwa vipimo jinsi seli ya neva inavyofanya kazi. Walitumia mshipa mnene wa ngisi, na mwaka 1963 walipata Tuzo ya Nobeli. Maelezo yao, kwa lugha ya jikoni, ni haya.

Kila seli imezungukwa na utando mwembamba. Nje ya utando kuna sodiamu nyingi, ambayo imo kwenye chumvi ya mezani. Ndani kuna potasiamu nyingi, ambayo unaipata kwenye ndizi, viazi, maharage na maji ya dafu. Kwenye utando kuna pampu ndogo zinazofanya kazi usiku na mchana: hutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Kwa mpangilio huo, ndani ya seli kunakuwa na chaji hasi na nje chaji chanya. Tofauti kati ya pande hizo mbili ni kama millivolti 70, yaani kiasi cha sehemu moja ya ishirini ya betri ndogo ya redio. Utaona kwamba Galvani hakuwa mbali aliposema kuna chaji tofauti ndani na nje.

Utando huo una milango pia. Seli ikiguswa vya kutosha, milango ya sodiamu hufunguka na sodiamu huingia kwa kasi. Kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, ndani kunageuka kuwa chanya. Kisha milango hiyo hufungwa, potasiamu hutoka, na hali inarudi ilivyokuwa. Lakini mlango mmoja ukifunguka huamsha wa jirani, na wa jirani humwamsha anayefuata. Fikiria mafundi waliojipanga mstari wakipasiana matofali: hakuna anayeondoka mahali pake, ila tofali linafika mwisho wa mstari. Katika mishipa iliyo na kasi zaidi, taarifa huenda kama mita 100 kwa sekunde moja.

Pampu zile zinahitaji nguvu, na nguvu ya ubongo hutoka hasa kwenye sukari ya damu. Kwa hiyo mambo matatu lazima yawe sawa ili umeme wa ubongo utulie: chumvi za mwili, sukari na hewa ya oksijeni.

Umeme unapovurugika

Ubongo wa kawaida ni kama soko: kila mtu anaongea na mteja wake, na kelele zinaendana. Wakati wa degedege ni kana kwamba soko zima limepiga kelele moja kwa pamoja, kwa mara moja. Seli nyingi hutoa umeme wakati mmoja. Misuli inapokea amri nyingi kwa pamoja, ndiyo maana mtoto anakakamaa, anatupa mikono na miguu, macho yanageuka juu, wakati mwingine anatoka povu au kujikojolea. Ni ubongo uliozidiwa.

Mambo yanayoweza kuuzidi ubongo wa mtoto ni haya:

• Homa kali. Degedege la homa huwapata zaidi watoto wa miezi 6 hadi miaka 5.
• Malaria kali iliyofika kwenye ubongo.
• Homa ya uti wa mgongo.
• Sukari kushuka, hasa kwa mtoto mgonjwa ambaye hajala wala kunyonya.
• Kuharisha na kutapika sana mpaka chumvi za mwili zikavurugika. Ndiyo maana ORS ina chumvi na sukari kwa kipimo maalumu. Usiikoroge kwa maji machache wala mengi kuliko ilivyoandikwa kwenye pakiti.

Mtoto au mtu mzima anayepata degedege mara kwa mara bila homa anaweza kuwa na kifafa. Mwaka 1924 daktari wa Ujerumani, Hans Berger, aliweza kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu kupitia vipande vya metali vilivyowekwa kichwani. Kipimo hicho hutumika mpaka leo kwenye hospitali kubwa, na huonyesha mvurugiko wa kifafa kama mistari inayopanda na kushuka. Kifafa hakiambukizi, na povu la mgonjwa haliambukizi. Kina dawa za kumeza kila siku, na watoto wengi wanaozitumia vizuri huenda shule kama wenzao.

Kwa mama mjamzito kuna kifafa cha mimba, kinachoambatana na shinikizo la damu kupanda. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, au uso na mikono ikivimba, nenda kituoni siku hiyohiyo. Dawa inayookoa maisha hapo ni sindano ya magnesiamu, nayo ni aina ya chumvi.

Mtoto akishikwa na degedege

Fanya hivi:

1. Tazama saa au simu, ujue limeanza saa ngapi.
2. Mlaze sehemu salama, mbali na jiko, maji na ukingo wa kitanda.
3. Mgeuze alale ubavu, ili mate na matapishi yatoke nje na asipaliwe.
4. Legeza nguo shingoni. Mpunguzie nguo nzito kama ana joto.
5. Kaa naye mpaka litulie. Mengi huisha yenyewe baada ya dakika chache.
6. Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama limeshakoma na anaonekana mzima. Akizinduka vizuri, mnyonyeshe njiani.

Usifanye haya:

• Usimwekee kijiko, kitambaa wala kidole mdomoni. Hawezi kumeza ulimi wake.
• Usimpe maji, dawa wala chakula kabla hajazinduka.
• Usimkandamize kwa nguvu ili aache kutikisika.
• Usimfukize moshi wala kumpaka mafuta ya taa. Vyote viwili huharibu mapafu na ngozi.

Degedege likipita dakika 5, au likirudi kabla mtoto hajazinduka, hiyo ni dharura. Ondoka nyumbani wakati huohuo, na mtoto aendelee kulazwa ubavu njiani.

Ninapotembelea kaya, nasikia mara nyingi kwamba degedege linaletwa na ndege wa usiku au na shetani, na kwamba mtoto akichomwa sindano wakati huo atakufa. Bibi anayesema hivyo hana nia mbaya. Aliyaona hayo: watoto walipelekwa hospitali wakiwa wamechelewa, wakafia huko, na sindano ikalaumiwa. Kilichowaua ni ugonjwa uliokuwa ndani, mara nyingi malaria, pamoja na saa zilizopotea. Sindano au dawa anayopewa mtoto mwenye degedege hutuliza ule umeme wa ubongo, na nyingine inatibu chanzo chake. Kama familia inataka kuomba dua, iombwe mkiwa safarini. Safari isingoje.

Ukifika kituoni, mweleze muuguzi mambo haya: lilianza saa ngapi na likachukua dakika ngapi, lilishika mwili mzima au upande mmoja, mtoto ana homa tangu lini, na kama ameharisha au kukataa kunyonya. Omba apimwe malaria na sukari ya damu.

Leo, mtoto akiwa mzima, kaa na watu wa nyumbani mkubaliane: nani atambeba, namba ya bodaboda ni ipi, nauli imewekwa wapi, na ni kituo gani kinachofunguliwa usiku. Andika majibu kwenye karatasi na uyabandike mlangoni, mahali ambapo hata dada wa kazi au mtoto mkubwa anaweza kuyasoma.